Goti limepona, paja je?

Leo naomba upandishe bukta. Usiogope, hii si ile safu ya mapenzi ya ukurasa wa jirani. Nataka tu usimame mbele ya kioo, ukaze mapaja yote mawili, halafu utazame pale juu kidogo ya goti, upande wa ndani. Kama hujawahi kuumia goti utaona vinundu viwili vinavyofanana kama mapacha. Kama uliwahi kuumia vibaya, hata iwe miaka miwili iliyopita na umeshasahau, usishangae ukikuta pacha mmoja amekonda.

Tangu mwaka jana nimekuwa mtu wa kuchungulia mapaja ya wanaume, jambo ambalo hapa Ujiji limeniletea maneno. Wacha waseme. Nimekaa pembeni ya viwanja vya Katubuka, Mwanga, Gungu hadi kule mchangani Kibirizi, na siku hizi naweza kukuonyesha kwa kidole nani aliwahi kuumia goti bila kuuliza. Atakuwa na paja moja la mwanasoka na moja la mwanafunzi wa darasa la tano. Na bado yuko uwanjani anakimbia!

Aliyenifungua macho ni mshikaji wangu mmoja wa Buzebazeba. Jina lake naliacha, tumwite Winga, maana ndiyo namba yake. Kiangazi mambo yakiwa magumu vijana wetu huhamia kwenye viwanja vya saruji vya shule, vile vya pete na kikapu, wanapanga watano kwa watano na magoli madogo. Kwa wenzetu huo ndio mchezo wa ukumbini, futsali, wenye uwanja wa mita 40 kwa 20 na sakafu laini. Kwetu sakafu ni saruji, paa ni mbingu, na raba ni ile uliyorithi kwa kaka.

Basi bwana, Winga akapokea mpira, akampiga chenga beki mmoja, akakita mguu wa kushoto ageuke kurudi ndani. Mguu ukabaki pale pale, mwili ukageuka. Hakuna aliyemgusa. Tulisikia "ko!" kama mtu amevunja muwa. Akakaa chini ameshika goti, uso umebadilika rangi. Ilipofika magharibi goti lilikuwa limevimba kama papai.

Hilo la kutoguswa na mtu liweke kichwani. Watu wengi wanadhani goti linaharibiwa na beki katili. Zaidi ya nusu ya ajali za ligamenti ile kubwa ya katikati ya goti hutokea mchezaji akiwa peke yake: amegeuka ghafla, amefunga breki, au ametua kutoka juu goti likaingia ndani. Goti lina ligamenti nne kubwa, mbili za pembeni na mbili za katikati zilizopishana kama mkasi. Ya mbele katika hizo za katikati, wataalamu wanaiita ligamenti mtambuka ya mbele, ndiyo inayozuia mfupa wa muundi usichomoke kwenda mbele na goti lisijinyonge ukigeuka. Sasa sakafu ya ukumbini au saruji inashika kiatu kuliko nyasi, na uwanja wenyewe ni mdogo, kila baada ya hatua tatu lazima ugeuke. Hapo ndipo mkasi unapokatika.

Yaliyofuata kila mtu wa Kigoma anayajua. Mawese yakapashwa moto. Akaletwa mzee wa kuchua, akachua goti bichi lililojaa damu, Winga analia kama mtoto. Maji ya moto asubuhi, maji ya moto jioni. Mimi sina ugomvi na wazee wa kuchua, wengine wana mikono ya ajabu, lakini goti lililojaa leo leo linahitaji kitu baridi, kufungwa bandeji na kuinuliwa juu ya mto. Kulipasha moto na kulikanda siku ya kwanza ni kuongeza petroli kwenye moto.

Wiki ya sita uvimbe ulikuwa umeshuka, maumivu kwisha. Winga akatangaza amepona. Mwezi wa tatu akarudi uwanjani, akacheza mechi mbili na nusu. Katika ile nusu, goti likaachia, akaanguka peke yake kama gunia, na safari hii akachana na kisahani, ile mito laini iliyokaa kati ya mifupa ya goti. Mara ya kwanza alikuwa na kasoro moja. Sasa ana mbili.

Hapo ndipo tukampeleka kwa kaka mmoja mtaalamu wa viungo. Nilitegemea atashika goti. Wapi! Alimwambia, "Dogo, lala chali, kaza paja." Akatoa futi ya fundi cherehani, akapima sentimita 10 juu ya pia ya goti, mguu wa kulia kisha wa kushoto. Kulia 49. Kushoto 45 na nusu.

"Umeona?" akatuuliza. "Nyie mnaangalia goti, lakini mwenye kulilinda ameshakonda."

Nikamwambia, "Si kwa sababu alikaa tu bila mazoezi, bro?"

"Hiyo ni nusu ya jibu," akasema. Nusu ya pili ndiyo iliyonifanya niandike makala hii.

Mbele ya paja kuna misuli minne inayoungana, inapita juu ya pia ya goti na kujishika kwenye mfupa wa muundi. Ndiyo inayonyoosha goti, inayokupigisha shuti, na inayobeba uzito wako ukitua kutoka kuruka. Sasa ndani ya goti kuna neva ndogo ndogo kazi yake ni umbeya: zinapeleka taarifa. Goti likiharibika na kujaa, zinapeleka habari kwenye uti wa mgongo kwamba huku mambo si shwari, na uti wa mgongo unajibu kwa kuizimia ile misuli umeme. Ni kama mafundi wanapozima laini ya mtaa mzima kwa ajili ya nguzo moja iliyoanguka. Msuli wenyewe haujakatika, hauna kidonda, lakini ukiuita unaitika nusu nusu. Unaweza kukaza mpaka jasho likutoke na bado usiamke wote. Msuli usioamka unakonda, na unakonda haraka kweli, ndani ya wiki chache tu utauona kwa macho.

Unataka kujua ni maji kiasi gani yanatosha kuuzima? Mwaka 1984 watafiti walichukua watu wenye magoti mazima kabisa, wakawaingizia maji ya chumvi ndani ya goti kidogo kidogo. Mililita 20 hadi 30 tu, yaani vijiko viwili vya chakula, zilitosha kupunguza nguvu ya ule msuli wa ndani, yule pacha niliyekuonyesha kwenye kioo. Vijiko viwili! Sasa fikiria papai la Winga lilikuwa na vijiko vingapi.

Kwa hiyo ukiona mtu anarudi uwanjani goti bado linajaa jaa kila baada ya mechi, ujue huyo anacheza na swichi iliyozimwa. Na maumivu hayakupi taarifa sahihi. Yanaondoka mapema, msuli unachelewa. Hata waliofanyiwa upasuaji mzuri na kuwekewa ligamenti mpya, wengi huwa bado na paja dhaifu mwaka mzima baadaye, wengine zaidi. Ligamenti hiyo mpya hukatwa kutoka kwenye mwili wako mwenyewe, mara nyingi kwenye kano iliyo chini ya pia ya goti au kwenye kano za nyuma ya paja. Ikichukuliwa mbele, paja la mbele linapata kazi ya ziada ya kupona. Ikichukuliwa nyuma, misuli ya nyuma ndiyo inalegea. Hakuna cha bure hapo.

Nisikilize vizuri kijana mwenzangu, maana najua unavyowaza. Kigoma ni mwisho wa reli, lakini kwa mpira ni kama mwanzo wa reli. Tarehe 25 Julai 2021 Simba na Yanga walikuja kucheza fainali ya Kombe la Shirikisho pale Lake Tanganyika, Taddeo Lwanga akaifungia Simba bao moja lililotosha, na tangu siku ile kila mtoto wa mtaa anaamini skauti yuko nyuma ya goli. Mwaka 2023 Mashujaa wakapanda Ligi Kuu, ndiyo imani ikazidi. Winga mama yake anaanika dagaa Kibirizi, wadogo zake wanne wanasoma. Mguu wa kushoto kwake si mguu, ni kitega uchumi. Ukimwambia akae nje miezi tisa, ni sawa na kumwambia mvuvi aache ziwa misimu mitatu. Ndiyo maana simcheki aliyerudi mapema. Najua kinachomsukuma.

Na dada zetu nao wamo, tena zaidi. Mwezi Aprili 2025 timu yetu ya taifa ya futsali ya wanawake ilifika fainali ya Afrika kule Morocco, ikafungwa 3-2 na wenyeji, na ikakata tiketi ya Kombe la Dunia la kwanza la wanawake la mchezo huo, lililochezwa Ufilipino mwishoni mwa mwaka huo. Tangu hapo naona wasichana wa shule wanaogombea uwanja wa pete na wavulana, na mimi nawashangilia. Lakini ligamenti hiyo ya katikati huwakatikia wanawake mara mbili au zaidi kuliko wanaume katika michezo ya namna hiyo. Kabla ya Kombe la Dunia la wanawake la 2023, Leah Williamson, Beth Mead na Vivianne Miedema, wote wa Arsenal, walilikosa kwa ligamenti hiyo hiyo. Mwalimu wa michezo anayewaingiza wasichana uwanjani bila kuwafundisha kutua na kugeuka anacheza kamari na magoti ya watoto wa watu.

Turudi kwa Winga. Swali la kwanza la mama yake lilikuwa: "Atapasuliwa?" Upasuaji huo Taasisi ya Mifupa Muhimbili wanafanya, kwa matundu madogo na kamera. Lakini Dar ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, na kabla hujafika kwenye kisu kuna nauli, mahali pa kufikia, na mtu wa kukusindikiza. Nilidhani kwa mtu wa hapa habari imeishia hapo.

Haijaisha. Wasweden walifanya utafiti uliotoka mwaka 2010, vijana 121 wa miaka 18 hadi 35 waliokatika ligamenti hiyo. Nusu wakapasuliwa mapema na kufanya mazoezi. Nusu wakaanza na mazoezi peke yake, na aliyeona goti bado linaachia akapasuliwa baadaye. Baada ya miaka miwili makundi yale hayakupishana kwa maana yoyote, na hata ilipofika miaka mitano karibu nusu ya waliotangulia na mazoezi hawakuwa wamepasuliwa kabisa. Sisemi upasuaji ni upuuzi. Mcheza winga anayeishi kwa kugeuka huenda akauhitaji, na goti linaloachia achia linakula visahani vyake lenyewe. Ninachosema ni kwamba mazoezi ya paja unayahitaji ukipasuliwa na unayahitaji usipopasuliwa. Tena wanaoingia kwenye kisu paja likiwa limepungua nguvu kwa zaidi ya asilimia 20, miaka miwili baadaye bado huwa nyuma. Kwa hiyo Winga akaambiwa: jenga kwanza, halafu daktari wa mifupa ataangalia kama goti bado linaachia ndipo aamue.

Anajengaje? Hapa ndipo wengi mnategemea niwatajie mashine. Alianza na khanga. Khanga ya mama imekunjwa, imewekwa chini ya goti, analala chali na kuibana chini kwa kukaza paja, anahesabu mpaka kumi, anaachia. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Siku za kwanza paja lilikuwa linatetemeka kama lina homa. Hiyo ni kuuamsha tu msuli, kuwasha swichi. Na sambamba na hilo goti lazima lirudi kunyooka moja kwa moja kama la pili, maana goti linalobaki limekunjika kidogo haliwezi kulikaza paja vizuri hata ufanye nini. Kisha kuinua mguu ulionyooka. Kisha kukaa na kunyanyuka kwenye kiti bila kushika kitu, miguu miwili kwanza, wiki nyingi baadaye mmoja. Kisha kupanda na kushuka juu ya kreti la soda lililogeuzwa. Kisha baiskeli, na hiyo Kigoma hatukosi.

Siku hizi anabeba begi lenye mchanga wa ziwani na kufanya nusu kuchuchumaa, mgongo ukutani. Na kile kilima cha kutoka stesheni kwenda Mwanga ni jimu tosha. Watu wanadhani kupanda ndiyo kazi. Subiri ushuke polepole, ndipo utajua paja liko wapi. Ila hatua hizo hazirukwi. Goti likijaa au likiuma kesho yake, umezidisha, rudi nyuma hatua moja. Na kama umepasuliwa, uzito wa kunyoosha goti hewani una wakati wake, mfuate mtaalamu, usinifuate mimi mwandishi wa magazeti. Kaulizie mtaalamu wa fiziotherapia hospitali ya mkoa Maweni, au popote ulipo.

Kitu kimoja kinawakera vijana: haya mazoezi hayana makofi. Ukipiga danadana watu wanashangilia. Nani atakushangilia ukibana khanga? Winga aliniambia kwamba mwezi wa pili alitaka kuacha, si kwa maumivu, kwa aibu. Wenzake wanapita na mpira, wanamkuta uani amelala kwenye mkeka anakaza paja, wanauliza kama anajifungua. Nikawa nakwenda kukaa naye saa kumi jioni nikimhesabia. Kazi ya kipuuzi kabisa, nami niliifanya.

Sasa lini mtu arudi? Hapa kuna namba ambazo ningependa makocha wa mtaani wazibandike ukutani. Mwaka 2016 ulitoka utafiti wa Norway na Marekani uliofuatilia wachezaji 106 waliopasuliwa ligamenti hii. Kila mwezi mmoja waliosubiri, mpaka kufikia mwezi wa tisa, ulipunguza karibu nusu ya hatari ya kuumia tena goti. Na waliorudi bila kufaulu vipimo vya nguvu na kuruka, asilimia 38 waliumia tena. Waliofaulu kabla ya kurudi? Chini ya sita.

Vipimo vyenyewe vinalinganisha mguu na mguu, na ule ulioumia unatakiwa ufikie angalau asilimia 90 ya mwenzake. Hospitali kubwa wana mashine. Sisi tuna futi, chaki na benchi. Unaruka kwa mguu mmoja, unatua kwa huo huo bila kuyumba, unapima umbali. Halafu unahesabu mara ngapi unaweza kunyanyuka kwenye benchi kwa mguu mmoja. Kuna mitego miwili. Kwanza, kuruka kunadanganya, maana nyonga na kifundo cha mguu vinaweza kumfichia paja aibu yake, kwa hiyo usikubali kipimo hicho peke yake. Pili, ukikaa nje muda mrefu hata mguu mzima unalegea, kwa hiyo "nimelingana" inaweza kumaanisha yote miwili ni mibovu.

Wakubwa nao hawakimbilii. Virgil van Dijk aliumia tarehe 17 Oktoba 2020 dhidi ya Everton na mechi yake ya kwanza ya ligi baada ya hapo ilikuwa Agosti 14, 2021. Liverpool ilikuwa na kila mashine inayouzwa duniani na bado ilikuwa miezi kumi. Hapa nyumbani Yacouba Songné wa Yanga aliumia goti Novemba 2021 na msimu ukamwishia hapo. Na kuna Ronaldo, yule Mbrazili. Yeye Novemba 1999 hakukatika ligamenti; alichanika kano ya chini ya pia ya goti, pale pale ile misuli minne ya paja inapomalizikia. Aprili 12, 2000 akaingizwa kipindi cha pili, Inter dhidi ya Lazio. Baada ya dakika kama saba, akijaribu kupiga chenga, kano ikakatika kabisa, hakuna aliyemgusa. Akakaa nje zaidi ya mwaka. Mwaka 2002 akafunga mabao manane Kombe la Dunia na kulibeba, na wengi tunakumbuka hilo la 2002 tu.

Winga hadithi ya Ronaldo hakuwa anaijua. Nilimsimulia wiki iliyopita, siku ambayo nahodha wa timu yake alikuja pale uani. Kuna mechi Jumapili, wapinzani ni wa Gungu, eti kuna mtu kutoka Dar atakuja kutazama. Nahodha alisimama karibu na mkeka, akamwamkia mama, kisha akasema, "Kaka, dakika kumi tu. Za mwisho. Wakikuona unagusa mpira inatosha."

Mama alikuwa anageuza dagaa. Hakuinua kichwa.

Nikachukua futi. Kulia 49, kushoto 47 na nusu. Tukachora mstari wa chaki, akaruka mara tatu kila mguu. Wa kulia ulifika sentimita 152. Wa kushoto 122, na alipotua mara ya tatu goti liliingia ndani kidogo, wote tukaliona, nahodha akiwemo. Ukipiga hesabu ni asilimia 80.

"Tisini ni ngapi?" nahodha akauliza.

"Sentimita 137," nikamwambia.

Akatazama ile chaki, akatazama goti, akasema basi atampanga yule dogo wa Rusimbi. Kipimo kingine ni mwisho wa mwezi ujao.